Kutua Mzigo

Waswahili wana methali isemayo, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Hapana shaka umeisikia, msomaji wangu, na labda umepata kuitumia kwa mzaha ulipokuwa ukitafuta mtu wa kukufanyia kazi usiyoipenda. Lakini asili ya methali hiyo ni historia ya kweli. Katika karne ya 19, Wanyamwezi, wenyeji wa nchi iliyozunguka Tabora, walisifiwa kuliko watu wengine wote kwa kazi ya kuchukua mizigo kati ya bara na pwani. Sifa iliyovuma zaidi ni sifa ya nguvu zao. Walakini nguvu peke yake haitoshi kueleza habari yao. Mtu mwenye nguvu aweza kunyanyua mzigo mzito mbele ya macho ya watu akapigiwa makofi. Kuufikisha mzigo huo mwendo wa miezi miwili au mitatu ni jambo jingine kabisa. Ili afike, mchukuzi alihitaji elimu ya pili, nayo ni elimu ya kuutua mzigo. Elimu hiyo ndiyo nitakayoizungumza katika kurasa hizi, maana naona kwamba twaihitaji leo kama walivyoihitaji wao.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu lugha ni ghala ambamo wazee wameweka akiba ya maarifa yao. Mtu akiwekewa mzigo kichwani, twasema ametwikwa. Akiuweka chini, twasema ameutua. Mahali anapoutua ni kituo. Na neno hilo leo tumelipa kazi nyingi, hata tuna kituo cha basi, kituo cha afya na kituo cha polisi. Alama iwekwayo mwishoni mwa sentensi nayo huitwa kituo, na msomaji asomaye ukurasa kwa sauti bila ya kuheshimu vituo huishiwa pumzi kabla hajafika chini. Ndege hutua mtini, eropleni hutua uwanjani, na jua hutua magharibi. Hata tukimwambia mtu aliyefadhaika, "Tulia," sikio lasikia neno lile lile likiwa ndani yake.

Sisi tukaao Kapsokwony, katika miteremko ya Mlima Elgon, hatuhitaji kuonyeshwa mzigo ni kitu gani. Siku ya soko, viazi, vitunguu, kabichi na mahindi huteremka mlimani vichwani mwa watu, migongoni mwao na juu ya punda. Na jioni unga, sukari na sabuni hupanda kwa njia ile ile. Mtazame mama apandaye mlima akiwa na gunia kichwani. Hangoji mpaka magoti yake yaanze kutetemeka. Analijua jiwe lake na anakijua kivuli chake. Akifika hapo humwita mpita njia amshike mkono autue mzigo, na akisha kuvuta pumzi humwita mwingine amtwike. Ukimwuliza kwa nini amesimama hapo, naye hajachoka bado, atakucheka. Asimamaye baada ya kuchoka huwa amekwisha kuchelewa.

Wachukuzi wa zamani waliitwa wapagazi, na furushi la nguo alilochukua mpagazi liliitwa mtumba. Neno hilo halijafa: nguo kuukuu zinazouzwa leo katika masoko ya Kitale na Bungoma zaitwa mitumba, kwa kuwa nazo huja zimefungwa katika marobota. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, basi mzigo wote ulikaribia ratili 70, yaani kilo 32 hivi. Juu ya hayo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: ngozi ya kulalia, chungu, silaha na chakula. Watu wa pwani walipenda kuchukua kichwani, na Wanyamwezi wakapenda kuchukua begani, wakihamisha mzigo kutoka bega moja kwenda la pili. Bidhaa zilizokwenda bara zilikuwa nguo, shanga na waya wa shaba. Iliyokwenda pwani ilikuwa hasa pembe za ndovu.

Siku ya msafara ilikuwa na utaratibu wake. Safari ilianza alfajiri wakati wa baridi. Kiongozi, aliyeitwa kirangozi, alitangulia mbele; ngoma ilipigwa, barugumu ikalia, na hapana mtu aliyeruhusiwa kumpita. Kabla jua halijawa kali, kama saa tano ya asubuhi, mwendo wa siku hiyo aghalabu ulikuwa umekwisha. Hapo kambi ilifanywa, mizigo ikapangwa pamoja, moto ukawashwa, posho ikapikwa. Wake wa wapagazi, ambao wengi walisafiri pamoja na waume zao, walikuwa na kazi kubwa katika maisha ya kambi. Jioni watu hao waliotembea kilomita 15 au 20 chini ya mizigo walicheza ngoma na kuimba. Wasafiri wa Ulaya waliona ajabu: watu waliolalamika mchana kutwa kwamba wamechoka, walipata wapi nguvu za kucheza usiku? Jibu ni kwamba mchezo ule ulikuwa sehemu ya kupumzika. Mwili ulikuwa umekwisha tuliwa mzigo wake, na sasa ilikuwa zamu ya moyo.

Kulikuwa na siku ambazo utaratibu huo haukuwezekana. Msafara ulipofika mbele ya nchi kavu isiyo na maji, watu walifanya mwendo ulioitwa terekeza. Walipika na kunywa mapema, wakaondoka mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala bila ya maji, na asubuhi ya pili wakayafikia. Mwendo huo ulikuwa dawa ya siku ya dharura, na hakuna mtu mwenye akili afanyaye dawa kuwa chakula cha kila siku. Mwenye msafara aliyejaribu kuwaendesha watu wake hivyo siku baada ya siku aliona mambo yakimgeukia: mizigo yote ilibwagwa chini kwa pamoja, na wapagazi wakakataa kuinuka mpaka maneno yamesemwa na shauri limepatikana. Wengine walitoroka usiku. Basi tuelewe kwamba kwa Mnyamwezi kupumzika hakukuwa fadhila ya bwana wake. Kulikuwa haki iliyohesabiwa ndani ya kazi, kama ilivyohesabiwa posho.

Njia kubwa kuliko zote katika Tanganyika ya wakati ule ilitoka Ujiji na Tabora ikaishia Bagamoyo, mji ulio pwani ukielekea Unguja. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walipita hapo. Jina la mji huo limefasiriwa kwa namna nyingi. Wengi husema limetokana na maneno "bwaga moyo", na hao nao hawapatani juu ya maana yake. Wako wasemao kwamba ni neno la furaha la mpagazi: nimefika, natua mzigo wa mabega na mzigo wa moyo pia. Wako wasemao kwamba ni neno la uchungu la mtumwa aliyeletwa kuuzwa: hapa naacha moyo wangu, maana mbele ni bahari na nyumbani sitapaona tena. Sikusudii kuamua kati ya fasiri hizo mbili. Nataka tu utazame, msomaji, jinsi neno moja lilivyoweza kuchukua mambo mawili yaliyo mbali sana. Mtu huru alitua mzigo aliojua kuwa atautua, mahali alipopajua, kisha akalipwa na kurudi kwao. Mtumwa alinyang'anywa moyo wake na kuambiwa aendelee. Kutua na kupokonywa si jambo moja, ijapokuwa katika yote mawili mkono hubaki mtupu.

Katika mwezi wa Februari, mwaka 1874, msafara mmoja ulifika Bagamoyo ukiwa na mzigo usio wa kawaida. Ulikuwa maiti ya Daktari David Livingstone, aliyefariki mwezi wa Mei, mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kumrudisha kwa ndugu zake. Mwendo uliokuwa mbele yao ulizidi kilomita 1,600, nao uliwachukua miezi tisa hivi. Kama wangetaka kuchukua kila kitu wasingefika. Basi kwanza walipunguza. Waliutoa moyo na matumbo ya marehemu, wakayazika chini ya mti pale pale Chitambo, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Kisha waliukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakautia katika turubai, wakaondoka.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili pale pale, kwa kuwa njia iliyosalia ilikuwa na hatari. Walikataa. Mbele zaidi wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wachukuzi wakafanya hila: walifunga furushi la uongo, wakawatuma watu wachache warudi nalo kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa nguo. Hivyo ulipita. Tarehe 18 Aprili, 1874, ulizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Katika wachukuzi wale ni Wainwright peke yake aliyesafiri pamoja na jeneza mpaka Uingereza kwa maziko hayo. Wengi wengine walilipwa mishahara yao wakaagana na kazi.

Naileta habari hii hapa kwa sababu ina mafundisho ambayo mara nyingi twayapita. Watu hufikiri kwamba kutua mzigo ni kuacha kila kitu. Susi na Chuma walijua zaidi ya hapo. Walikaa chini wakachagua. Kilichoweza kubaki walikizika kwa heshima, kwa sala na kwa alama, wala hawakukitupa porini. Kilichopasa kufika walikishika, hata aliposhauri mtu mkubwa kwamba wakiache. Mtu asiyechagua hupatwa na moja ya mambo mawili: ama huvunjika chini ya mzigo ambao nusu yake haikuwa na lazima, au huutupa wote na kutupa pamoja nao jambo alilotumwa.

Turudi sasa upande wetu wa magharibi ya Kenya. Huku nako misafara ilipita. Mumias palikuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa pwani waliokwenda Uganda, nao walipumzika hapo na kupata chakula kwa kuwa nchi ya Wawanga ilikuwa na mavuno mengi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskochi, alitoka pwani akapita nchi ya Wamasai, na sehemu kubwa ya njia alifuatana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Mnamo Desemba alifika katika mlima wetu. Aliwakuta Wakony, mojawapo ya makundi ya Wasabaot wa leo, wakikaa katika mapango pamoja na ng'ombe wao. Thomson alidhani mapango yale yalichongwa na watu wa kale wenye maarifa makubwa. Wataalamu wa siku hizi waeleza kwamba tembo, wakiitafuta chumvi iliyomo katika mwamba, wameyachimba na kuyapanua kwa pembe zao kwa muda mrefu sana. Kwa wakazi wake mapango yalikuwa kituo kwa maana kamili: mahali ambapo mtu aliyekimbizwa na maadui aliweza kuweka chini hofu yake akalala usingizi. Mwisho wa mwaka ule ule Thomson alijeruhiwa na nyati, akawa yeye mwenyewe mzigo wa kubebwa na watu wake. Hata mwenye msafara hajui ni siku gani mabega ya wenziwe yatakuwa njia yake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kitale mwaka 1926. Magari ya moshi yakaanza kufanya kazi ya maelfu ya wapagazi, na mtu angedhani kwamba habari ya mizigo mabegani imekoma. Haikukoma. Vita Kuu ya Kwanza ilipotokea mwaka 1914, majeshi ya Waingereza na ya Wadachi yalipigana katika nchi zisizo na barabara, mahali ambapo mbung'o waliua wanyama wa kuchukua mizigo. Basi binadamu alitiwa tena chini ya mzigo. Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kuanzia mwaka 1917 watu wa Kenya walikusanywa kwa nguvu katika kila wilaya. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, liligeuka vinywani mwa watu likawa Kariakor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam, na masoko ya sehemu hizo yamelihifadhi mpaka leo.

Hapa ndipo historia ituonyeshapo, kwa hesabu ya kutisha, mzigo usio na kituo wafanya nini. Wachukuzi hao hawakuwa dhaifu kuliko Wanyamwezi wa zamani. Na baadhi yao walikuwa Wanyamwezi hasa. Mizigo yao haikuwa mizito zaidi. Lakini mwendo haukuwa wao, wala saa ya kutua haikuwa yao. Watu waliozoea ndizi, viazi na wimbi walipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi ulipikwa upesi bila ya kuiva, matumbo yao yakaharibika. Watu wa milima yenye baridi walipelekwa katika mabonde ya malaria, na watu wa nchi za joto wakalala katika mvua bila ya mablanketi ya kutosha. Hesabu za serikali yenyewe zilikaribia vifo 100,000, zaidi ya 40,000 kati ya hivyo vikiwa vya watu wa Kenya. Na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilizidi hapo. Wengi mno hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na ugonjwa, njaa na uchovu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi ipo sanamu ya mchukuzi amesimama pamoja na askari wawili. Ukipita pale, mpe heshima yake.

Baadaye dunia ilianza kuona haya. Mwaka 1930, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kukomesha kazi za kulazimishwa, na uchukuzi wa mizigo ulitajwa humo waziwazi kuwa ni jambo la kukomeshwa upesi iwezekanavyo. Neno ambalo mpagazi wa Unyamwezi alilisema kwa kubwaga mtumba wake chini, mataifa yalilisema kwa wino baada ya watu wengi mno kufa.

Lakini, msomaji wangu, mzigo wa moyo haukomeshwi kwa mkataba, na mlima huu wajua hivyo. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa makazi wa Chepyuk, na ugawaji wa ardhi yake ulileta malalamiko yaliyorithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. Malalamiko hayo yakawa vita. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kikundi chenye silaha kiliwashambulia wananchi. Mamia waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao. Mwezi wa Machi, mwaka 2008, jeshi lilitumwa mlimani, na watu wengi waliokamatwa walisema kwamba waliteswa mikononi mwa serikali. Wengine walichukuliwa, na jamaa zao hawakuwaona tena. Ukisoma katika shule ya mlima huu, yawezekana kwamba aketiye karibu nawe alizaliwa katika nyumba yenye msiba huo, au kwamba nyumba hiyo ni yako.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kuwasikiliza watu wa mlima huu, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais mwaka 2013. Wanawake na wanaume walisimama mbele ya majirani zao wakayasema mambo waliyoyaficha miaka mingi. Sitaki kukudanganya kwamba maneno yaliwarudisha waliopotea au kwamba yalilipa deni. Wengi wangali wakidai haki, na haki yapaswa kudaiwa. Tofautisha mambo mawili hayo. Dai la haki ni mwili ule waliouchukua Susi na Chuma: haliachwi njiani. Chuki ni kitu kingine. Mwenye chuki huilisha kila siku kwa posho yake mwenyewe, na aliyekusudiwa na chuki hiyo hana habari. Waliozungumza hadharani walifanya lile afanyalo mama wa Kapsokwony penye jiwe lake: waliwaita wengine wawashike mkono, kwa kuwa mzigo uliozidi nguvu hautuliki na mtu mmoja bila ya kumwumiza shingo.

Wasema methali, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kwetu sisi tunaotazama, mzigo wa mwingine ni mwepesi daima. Kwa hiyo usimcheke mwanafunzi mwenzako aliyelemewa, wala usijione aibu ukilemewa wewe. Nafundisha vijana wa umri wako, nami nawaona wakitwikwa mambo mengi pamoja: mtihani wa Kidato cha Nne, karo isiyotimia, matumaini ya ukoo mzima, na labda kaburi nyumbani ambalo halizungumzwi. Wengi hudhani kwamba mwanafunzi hodari ni yule asiyelala. Huyo afanya terekeza kila siku, na njia ingali ndefu. Mpagazi aliyeondoka alfajiri akatua kabla jua halijawa kali alifika Tabora. Aliyeendeshwa usiku na mchana katika mabonde ya vita alizikwa kando ya njia, naye alikuwa na mabega kama yale yale.

Basi jifunze mzigo wako. Keti uufungue uone umechukua nini ndani yake, maana mara nyingi hatulemewi na vitu vyenyewe kama tunavyolemewa na kutojua ni vingapi. Kile kinachoweza kubaki, kizike kwa heshima: kosa lililokwisha kuombewa radhi, maneno mabaya ya mtu aliyekwisha kusahau kuwa aliyasema, sifa ya jirani unayotaka kuishinda. Kile kilicho amana yako, kishike. Weka vituo vyako mapema, kabla ya magoti kutetemeka: usingizi wa usiku, siku moja ya juma isiyo na kazi, mchezo wa jioni, saa ya kunyamaza. Mtafute mtu wa kukushika mkono, mzazi, mwalimu au rafiki mwaminifu, umwambie kweli. Tena ujihadhari na kosa la mabwana wa vita, usije ukautua mzigo wako juu ya kichwa cha aliye mdogo kuliko wewe, ukajiita umepumzika.

Ukisha kupumzika, inuka. Mpagazi hakujenga nyumba kituoni. Alfajiri barugumu ililia, naye akainama akatwikwa, akashika njia. Lakini aliinuka akiwa mtu mpya. Usiku ule aliokuwa amelala, mtumba wake haukupungua hata ratili moja, na hata hivyo asubuhi aliuona mwepesi.